Abiria au Mizigo?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka, kwa ombi la Chama cha Reli Ndogo)



Katibu aliponiandikia kunitaka nizungumze, nilidhani nitatakiwa kueleza habari za utumishi wa serikali, namna ya kuomba kazi na kadhalika. Kumbe sivyo. Naambiwa kwamba vijana wa Chama cha Reli Ndogo wamegawanyika pande mbili. Fedha tulizochanga sisi wa zamani mwaka huu zinatosha kununua treni moja tu. Upande mmoja unataka ya abiria, upande wa pili unataka ya mizigo. Kwa kuwa zamani nilikuwa mwenyekiti wa chama hicho, na kwa kuwa kilikufa mikononi mwangu, mmeona nafaa kutoa ushahidi. Nakubali. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Kwa faida ya wageni ambao hawajaingia katika chumba kile, nieleze kwa kifupi. Reli ndogo ni mfano wa reli ya kweli, uliopunguzwa kwa kipimo maalumu. Ile iliyoachwa hapa na mwalimu wetu wa fizikia alipokuwa akirudi kwao ni ya kipimo cha 1 kwa 87. Yaani kila sentimeta 1 mezani ni sentimeta 87 za kweli. Upana kati ya reli zake mbili ni milimeta 16.5. Vijana wa hesabu wakizidisha kwa 87 watapata karibu milimeta 1,435, na huo ndio upana wa reli yetu mpya ya umeme, ambayo ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro mwezi wa Juni 2024. Reli ya Kati ya zamani, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimeta 1,000. Kwa hiyo naelewa kwa nini wengi wenu mnataka treni ya abiria ya umeme. Mmeiona kwa macho yenu, inang'aa, inakwenda kasi. Sisi nasi tulikuwa na yetu machoni.

Ndani ya sanduku la mwalimu mlikuwa na kichwa kimoja cha treni, njia za kutosha kuzunguka meza, na mabehewa 7 ya mizigo yaliyochakaa rangi. Tulilima bustani ya mchicha, tukauza, tukapata fedha. Chama kikakutana kuamua. Wengine walisema tununue pointi, yaani pale ambapo reli moja hugawanyika kuwa mbili, ili mabehewa yapate mahali pa kwenda. Mimi nilisimama nikasema kwamba shule yenye heshima haiwezi kuonyesha wageni mabehewa ya chumvi na mafuta ya taa. Nilisema vizuri, nikapigiwa makofi. Mzazi mmoja aliyekuwa akisafiri kwenda Ujerumani akatuletea mabehewa 4 marefu ya abiria, yenye vioo na viti ndani. Yale ya mizigo tukayarudisha sandukuni.

Leo nitasema jambo ambalo siku ile sikulisema. Marehemu baba yangu alikuwa gadi wa treni za mizigo katika Reli ya Kati. Mimi bwenini niliwaambia wenzangu kuwa yuko katika treni ya abiria. Kwa hiyo kura yangu haikuwa ya reli ndogo. Ilikuwa ya kuficha.

Siku ya wazazi ikafika. Treni ikazunguka mara 4, watu wakashangilia. Mara ya 5, behewa la pili likagonga ukingo wa jukwaa letu la boksi, likalala ubavu na kuvuta mengine. Watu wakacheka. Baba akaja taratibu, akanisaidia kuyarudisha njiani moja moja, akauliza, "Sasa, mwanangu, treni hii inakwenda wapi?" Nikamwambia, "Inazunguka tu, baba." Akauliza kama hatuna mabehewa ya mizigo. Nikamfungulia sanduku. Akatoa moja, akaligeuza, akalipima urefu kwa kijiti cha kiberiti, akalirudisha. Akasema, "Basi hii ni reli ya kutazamwa." Hakuongeza neno.

Baada ya miezi miwili chumba kile kilikuwa kitupu. Si kwa sababu ya kuanguka kwa treni, maana tulijifunza kuiendesha polepole. Kilikuwa kitupu kwa sababu mvulana mmoja aliendesha na kumi na tisa walitazama, na jambo la kutazama lilikuwa lilelile kila jioni.

Tangu hapo nimesoma sana habari za reli hizi, na nyumbani ninayo moja inayomchosha mke wangu. Basi nitoe sababu zangu, nanyi mzipime.

Kwanza, hesabu ya meza. Meza yenu ni ubao mmoja wa plaiwudi, sentimeta 240 kwa 120. Kona zenu zina nusu kipenyo cha sentimeta 45. Ukiondoa kona mbili na nafasi ya pembeni, sehemu iliyonyooka ni kama sentimeta 140, na ukiweka pointi huku na huku ili kupata njia ya kupishana, inabaki kama 95. Behewa refu la abiria la siku hizi, la mita 26 hivi, kwa kipimo chetu ni sentimeta 30. Kichwa cha treni ni 20. Basi stesheni yenu itapokea kichwa na mabehewa 2, yaani sentimeta 80. La tatu litabaki nje juu ya pointi. Treni ya mabehewa 8 ina sentimeta 240 kabla ya kuhesabu kichwa. Huo ni urefu wa meza yote! Lakini behewa la mizigo la mita 12 ni sentimeta 14 tu. Kichwa na mabehewa 5 ni sentimeta 90, nayo inaingia stesheni bila kusukumana.

Hesabu hiyohiyo ndiyo iliyotuangusha siku ya wazazi. Behewa hukaa juu ya seti mbili za magurudumu, na penye kona katikati yake huingia ndani ya mzingo. Chukua umbali kati ya seti hizo, uzidishe kwa wenyewe, ugawe kwa mara 8 ya nusu kipenyo. Behewa refu lenye umbali wa sentimeta 21 litaingia ndani zaidi ya sentimeta 1. Behewa la mizigo lenye umbali wa sentimeta 8.5 litaingia milimeta 2. Jukwaa letu lilikuwa limejengwa mwanzoni mwa kona, nasi hatukupima.

Pili, na hii ndiyo sababu kubwa, ni kazi. Treni ya abiria hufika ikiwa imeungana na huondoka ikiwa imeungana. Abiria ndio wanaoshuka na kupanda, na katika meza hawashuki. Treni ya mizigo hufika ndipo kazi ianze: behewa la saruji likatwe liende ghalani, la pamba livutwe kutoka kiwandani, tupu lirudishwe linakohitajika. Watu wa reli huita kazi hiyo kushanti. Kila behewa lipewe kadi yake ndogo: limebeba nini, limetoka wapi, linakwenda wapi. Sisi wa serikali tunayo majalada yanayotembea kwa mtindo huohuo kutoka meza hadi meza, ila behewa hufika.

Mwingereza mmoja, Alan Wright, alibuni mpango mdogo uitwao Inglenook, ambao wapenzi wa reli hizi wanaujua sana. Una njia 3 za kuegesha: moja hubeba mabehewa 5, na mbili zilizobaki hubeba 3 kila moja. Njia ya kuvutia ina nafasi ya kichwa na mabehewa 3 tu. Mabehewa yote ni 8. Unachanganya kadi, unachukua 5, kisha unapaswa kuunda treni ya mabehewa hayo 5 kwa mpangilio uleule wa kadi. Mnaona ni mchezo wa watoto? Zidisheni 8 kwa 7 kwa 6 kwa 5 kwa 4. Ni treni 6,720 zisizofanana. Mkiunda moja kila siku, hata Jumapili, zitawachukua zaidi ya miaka 18. Treni yetu nzuri ya vioo ilikuwa na mpangilio mmoja.

Tena kazi hiyo ina nafasi ya watu wengi. Yuko dereva, yuko wa pointi, yuko karani wa kadi, yuko mkuu wa stesheni. Kijana mgeni wa kidato cha kwanza anaweza kukabidhiwa kadi siku ya kwanza.

Tatu, ni lazima niwe mwadilifu. Abiria naye ana haki yake. Treni yake ina saa, na saa haimsubiri mtu. Reli ya njia moja yenye mizigo peke yake hulegea. Wanaoshanti watachukua muda wapendao. Waambie kwamba saa 10 na dakika 20 treni ya abiria inapita, na njia kuu iwe wazi, utaona chumba kinavyochangamka. Kwa hiyo ndugu zangu wa upande wa abiria hawakukosea kuipenda treni yao. Kosa ni kuinunua kabla haijapata reli yenye shughuli ya kuipisha.

Basi ushauri wangu ni huu. Fedha za mwaka huu msinunulie treni yoyote. Kichwa mnacho, na mabehewa 7 ya mwalimu yangali sandukuni. Nimeyaona jana, yanahitaji kusafishwa magurudumu tu. Nunueni pointi na njia za kuegeshea. Mwakani, mkiona kazi inakwenda, nunueni behewa moja au mawili mafupi ya abiria, na muipe treni hiyo ratiba isiyovunjwa. Ile ndefu ya umeme ingoje siku mtakapopata meza ndefu, na siku hiyo nitachanga.

Nilisema mpango ule unataka mabehewa 8, nanyi mnayo 7. Likizo iliyofuata siku ile ya wazazi, baba alinipa behewa alilolichonga kwa mti wa mninga, lenye urefu kamili wa yale ya sandukuni. Magurudumu yake ya mbao hayakuweza kukaa njiani, nami niliichukua hiyo kuwa sababu ya kulificha chini ya nguo zangu. Sikulionyesha kwa mtu yeyote wa shule hii. Mwezi uliopita nimelitia magurudumu ya chuma. Nimelijaribu nyumbani kwenye kona ya sentimeta 45, kwa kulivuta na kwa kulisukuma, na halikuanguka.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kulikabidhi kwa chama. Lina namba 8 ubavuni, na kadi yake tayari nimeiandika: chumvi, kutoka Uvinza.