Neno "Tangazo" Mbele ya Sheria



Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2010 kuhusu huduma za picha na sauti, lililorekebishwa mwaka 2018, linazihusu pia video ambazo mtazamaji hujichagulia wakati wa kuzitazama. Kikomo cha muda wa matangazo huibana televisheni peke yake. Lakini katika huduma za aina zote mbili, tangazo la biashara sharti litambulike waziwazi, na la kificho ni marufuku.

Hapa ndipo isimu inapohusika. Sisi huita "tangazo" taarifa ya msiba, ilani ya serikali na sifa za sabuni vilevile. Nchini Tanzania, tangu marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria. Tukitunga kanuni ya namna hiyo kwa neno "tangazo" pekee, mwenye sabuni atajitetea kwamba alitoa taarifa tu. Kwa hiyo napendekeza "tangazo la biashara" lifasiliwe kwa vigezo viwili: kusudi la kukuza mauzo, na malipo au faida anayoipata mrushaji. Fasili ikilegea, kinga ya mtazamaji nayo hulegea.