Sikilizeni Gari Nyuma Kabla ya Kulipa

(Maneno ya fundi wa magari kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya Migori na Homa Bay. Tumeyafupisha kidogo.)

Nimeombwa niseme juu ya kununua gari lililotumika, maana vikundi vingi vinataka Hiace ya kubeba omena, mboga na watu wa matanga. Injini kila mtu huitazama. Mimi nitasema juu ya ekseli ya nyuma, pale ambapo hakuna anayeinama.

Kwanza nikiri kosa langu. Kikundi kimoja kiliniletea gari linalolia nyuma, "mmmm", hata watu ndani hawasikilizani. Nilisikiliza dakika mbili, nikasema, "Ni difu hiyo." Wakatoa hisa za mwaka mzima, tukafunga difu nyingine. Walipoondoka, mlio ulikuwa vilevile! Kumbe ilikuwa beringi ya gurudumu la kushoto. Kabla hawajarudi kwangu, gurudumu lilichomoka pamoja na hafu shafti yake, gari likiwa limejaa. Hakuna aliyekufa, lakini mama mmoja alivunjika mkono. Katika Hiace, beringi ile ndiyo inayoishika hafu shafti isitoke. Ikiisha, hakuna kingine cha kuizuia.

Basi mtatofautishaje? Chukueni gari Homa Bay, mpande nalo kuelekea Rongo. Barabara ile inapanda kutoka ziwani, kwa hiyo gari linavuta. Mmoja akae kiti cha nyuma kabisa, redio izimwe. Kisha geukeni, mteremke, dereva aachie mafuta. Kama mlio unakuja akikanyaga na kupotea akiachia, au kinyume chake, hiyo ni difu: meno yamelika au beringi zake zimelegea. Kama mlio haujali mafuta, unafuata mwendo tu, shukuni beringi ya gurudumu. Dereva ayumbishe gari polepole mahali pasipo na magari. Likielekea kulia uzito unalala kushoto. Mlio ukizidi hapo, ubaya uko kushoto. Na kama mlio unabadilika mkitoka lami na kuingia murram, huenda ni tairi tu. Muuzaji naye atasema ni tairi, hata kama siyo!

Kuna na "tok!" unapotoka gia ya mbele kwenda rivasi. Msikimbilie kulaumu difu. Mara nyingi ni viungo vya propela shafti, na hivyo ni bei nafuu kuliko difu.

Mkifika, shukeni mguse katikati ya magurudumu ya nyuma kwa mgongo wa mkono, polepole, maana pengine panaunguza. Moja likiwa moto kuliko mwenzake, beringi imekauka au breki imeshika. Kisha wekeni mawe magurudumu ya mbele, inueni nyuma kwa jeki, mtegemeze kwa magogo imara. Jeki peke yake imeua mafundi, msiingie chini. Shikeni gurudumu juu na chini, mlitikise. Likicheza, semeni asante, rudini nyumbani au mpunguze bei.

Sasa oili. Fungueni kwanza nati ya kujazia, siyo ya chini. Ukimwaga oili halafu nati ya juu ikatae kufunguka, utafanya nini? Gari likiwa limesimama sawa, oili ifike ukingo wa tundu. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Magari mengi huoshwa mtoni na ziwani, yakazama mpaka ekseli. Vumbi laini la chuma si ajabu, ila kipande cha jino ni mwisho wa difu hiyo. Na ikitoka na unga wa mbao, mjue mtu alitaka kunyamazisha mlio mpaka mlipe.

Tazameni pia ndani ya magurudumu. Oili ikivuja pale inafika kwenye breki, na breki zenye oili hazishiki. Lakini kabla ya kununua sili mpya, safisheni kitundu cha kupumulia kilicho juu ya ekseli. Kikizibwa na tope, oili ikipata moto inasukuma sili. Nimewahi kuona watu wakibadilisha sili mara tatu kwa sababu ya tope la shilingi sifuri.

Mama mmoja ameniuliza kama tairi mbili za nyuma zisizolingana zina neno. Zina neno sana, mama. Kazi ya difu ni kuruhusu gurudumu moja likimbie kuliko lingine kwenye kona. Tairi moja ikiwa ndogo, difu inafanya kazi ya kona hata barabara ikiwa imenyooka, kutoka Migori mpaka Awendo bila kupumzika.

Mwingine ameuliza: muuzaji akikataa gari lisiinuliwe? Mwachieni gari lake, mama. Hisa zenu bado ziko kwenye sanduku.