Ufa Hauzibwi kwa Rangi

Ndugu zetu wa Lisekese, wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndivyo ilivyo bodi ya gari ya faiba. Tukipaka rangi juu ya ufa, gari likitikisika barabarani ufa unarudi, na fedha ya rangi imepotea.

Basi tufanye hivi. Kwanza, tuoshe, tukaushe. Pili, tutoboe kitundu kidogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee. Tatu, tukwangue kwa msasa, tubandike kitambaa cha faiba na gundi yake kwa nyuma. Nne, tujaze puti mbele. Ikikauka tupige msasa, praima, ndipo rangi.

Vumbi lake hudhuru mapafu, tuvae barakoa. Kipimo cha dawa ya kugandisha kimeandikwa kwenye kopo. Tusikisie. Kusoma si tunajua?