ASBL si kusema hakuna makuta

(Maneno tuliyoyasema mbele ya vijana wa Likasi)



Kuna waliotuuliza njiani: mbio za magari zinatuhusu nini sisi wa Likasi? Magari tunayoyajua hapa ni malori ya madini kwenye barabara ya Lubumbashi na Kolwezi, na pikipiki za ba motard. Ni kweli. Lakini mtusikilize kidogo.

Desemba 2024, FIA, shirikisho la dunia linalosimamia mbio za magari, lilifanya mkutano wake mkuu Kigali. Sisi Wakongomani tunaukumbuka kwa sababu ya Rwanda kuomba mbio za Formula 1. Februari 2025, Goma ikiwa imekwisha kuanguka, waziri wetu wa mambo ya inje Thérèse Kayikwamba Wagner aliwaandikia wakubwa wa Formula 1 waache mazungumzo hayo. Barua ile tuliishangilia. Ila katika mkutano uleule wa Kigali kulipita jambo lingine, na kwetu karibu hakuna aliyelizungumzia.

FIA ni chama kisichotafuta faida, kama vile tunavyosema ASBL. Kilianzishwa mwaka 1904, hakina wenye hisa, vilabu na mashirikisho ya nchi mbalimbali njo wanachama wake. (Kampuni inayouza Formula 1 ni kitu kingine, ni ya Liberty Media ya Marekani, ile iko biashara waziwazi.) Basi, Kigali wanachama walipiga kura, na kama robo tatu wakakubali: kamati ya ukaguzi isianzishe tena yenyewe uchunguzi wa fedha, na malalamiko juu ya maadili yapitie kwa rais wa FIA na rais wa seneti yake, badala ya seneti yenyewe. BBC iliandika kwamba kamati ile ilikuwa imeuliza maswali juu ya fedha za ofisi ya rais. FIA ilijibu kwamba inataka kuzuia siri za uchunguzi zisivuje. Kila mutu aamue. Sisi tunaona hivi: mlinzi anayengoja ruhusa ya mwenye ufunguo kabla ya kuwasha tochi, huyo halindi kitu.

Sasa hili neno ASBL. Sheria yetu namba 004/2001 ya 20 Julai 2001 inasema ASBL haifanyi biashara, isipokuwa kama kazi ya kando, na haitafuti kuwapa wanachama wake faida ya mali. Wengi wanasikia hivyo wanaelewa: humo hakuna makuta, wakubwa banatumika bure. Hapana! Makuta inaweza kuingia mingi sana. Kinachokatazwa ni kugawana faida. Mshahara haukatazwi. Na mlango njo ule: kisichoweza kutoka kama faida kinatoka kama mshahara, prime, pesa ya safari, gari, nyumba.

FIFA nayo ni chama kisichotafuta faida, kwa sheria ya Uswisi. Juni 2016 wanasheria wa FIFA yenyewe walitangaza kwamba Sepp Blatter, Jérôme Valcke na Markus Kattner walijipatia, kwa miaka 5, kama faranga za Uswisi milioni 79 za nyongeza za mishahara na bonasi. Watu watatu!

Turudi kwenye magari. Marekani kuna NHRA, inayosimamia zile mbio za mstari mnyoofu: magari mawili sambamba, sekunde chache, kwisha. Wally Parks aliianzisha mwaka 1951, nayo haitafuti faida. Mwaka 2007 ilikubali kuuza mbio zake kubwa kwa kampuni moja kwa karibu dola milioni 121, ila mauzo yakaanguka. Fikirini kitu kisicho na mwenyewe, kinauzwa! Lakini NHRA iko na mzigo mmoja ambao sisi tungeutaka hapa. Kwa kuwa imesamehewa kodi ya mapato, kila mwaka inajaza karatasi ya serikali yenye majina ya wakubwa wake na mishahara yao, na mutu yeyote anaweza kuisoma, hata ninyi kwenye simu.

Karatasi ya namna hiyo njo ilionyesha kwamba Roger Goodell, mkubwa wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, alipata dola milioni 44 mwaka 2012. Watu wakapiga kelele. Mwaka 2015 NFL ikaacha msamaha wake wa kodi, na toka hapo haina lazima ya kutangaza mshahara wake. Kwa hiyo anayesema tufute tu hizi ASBL, afikiri mara mbili: anaweza kufuta na karatasi.

Na kulipwa si kosa. Mutu anayeongoza kazi kubwa alipwe. Kiongozi wa "kazi ya bure" anatuogopesha kuliko yule wa mshahara ulioandikwa, juu yule wa bure, anakula wapi?

Tuje nyumbani. Toka Code minier ya 2018, kampuni ya madini inatoa angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji walio karibu na mgodi. Pesa hizo zinashikwa na chombo maalum, ambamo wajumbe wa kampuni na wa wakaaji wanakaa pamoja. Hakifanyi biashara, hakitafuti faida. Vizuri. Mjumbe anapata ngapi kwa kikao kimoja? Nani aliamua kiasi hicho? Mkaguzi ni nani, na nani anaweza kumfukuza?

Tutaandikia kila chombo cha namna hiyo hapa Likasi na upande wa Kambove, nakala kwa meya. Neno "mwizi" halitaandikwa hata mara moja, hatuna ushahidi wala hatulihitaji. Tunaomba hesabu za mwaka jana na ukurasa wa malipo. Mwenye ndugu anayeishi karibu na mgodi amuite: sahihi yake iko na uzito kuliko yetu, juu sheria inamtaja yeye. Na wenye kuandika Kifaransa kizuri, mbaki kidogo.