Mafunzo ya Kazi kwa Mtandao: Saa ya Nani, Chombo Gani?

Maneno ya mshauri wetu kwa kikundi cha Alhamisi, Thamesmead



Leo nataka tuzungumze juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini linaweza kumkosesha mtu kazi: mafunzo ya kazi ya moja kwa moja kwa mtandao. Siku hizi ukipata kazi ya kutunza wazee, ya usafi au ya ghala, mara nyingi kabla ya kupewa sare unatumiwa linki. Mwalimu yuko Manchester, au yuko Marekani, nawe uko chumbani na simu moja na watoto watatu. Wengine wenu mko upande wa pili. Mna duka Bukavu, mna mafundi cherehani Nakivale, au mna wenzenu wa kazi Nairobi, na ninyi ndio mnaofundisha. Maswali ni yale yale mawili: saa ngapi, na kwa chombo gani?

Tuanze na saa. Sisi ni majirani wa Greenwich, unapopita mstari ambao dunia nzima huhesabia saa zake tangu mkutano wa Washington wa mwaka 1884. Hata hivyo, saa zinatusumbua kuliko wengi, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni lugha yetu. Mwajiri akiandika 9:00, sisi tunasema saa tatu asubuhi. Mwenzako wa Mombasa atakuelewa. Lakini mtu aliyekaa Ulaya miaka mingi, au Mkongomani aliyezoea kuhesabu kwa Kifaransa, anaweza kusikia tatu ya Kizungu, akaingia saa tisa alasiri wakati somo limekwisha. Kwa hiyo msitume saa kwa sauti peke yake. Andikeni tarakimu, pamoja na jina la mji: 09:00 London.

Ya pili ni saa ya kiangazi. Huku saa husogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwetu haisogezwi. Basi wakati wa baridi, London ikiwa saa tatu asubuhi, Goma, Bujumbura na Kigali ni saa tano, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam ni saa sita mchana, na Muscat ni saa saba. Wakati wa kiangazi kila tofauti inapungua kwa saa moja: Goma saa nne, Nairobi saa tano, Muscat saa sita. Kumbukeni pia kwamba Kinshasa iko nyuma ya Goma kwa saa moja, ingawa ni nchi moja. Na Marekani husogeza saa zao kwa tarehe nyingine: Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Kama mwalimu wako yuko New York, kuna wiki mbili au tatu mwezi Machi ambapo hesabu uliyoizoea si sahihi.

Dawa yake ni rahisi. Mwombe mwalimu atume mwaliko wa kalenda. Kalenda ya simu hubadilisha saa yenyewe kulingana na mahali ulipo, mradi simu yako imewekwa ichukue saa ya mji kwa kujiendesha. Na wewe unayefundisha, chagua saa kwa kuwafikiria walio wengi. London saa tano asubuhi wakati wa baridi ni saa nane mchana Nairobi na saa tisa alasiri Muscat. Hapo hakuna anayeamshwa usingizini. Ijumaa adhuhuri iacheni, kwa ajili ya swala, na kwa wenzetu wa Oman Ijumaa na Jumamosi ndizo siku za mapumziko.

Sasa chombo. Watu wananiuliza, "Mshauri, ipi ni bora, Zoom au Teams?" Ukiwa mwanafunzi huchagui, unapewa. Lakini ukiwa mwalimu, jiulize mambo manne.

La kwanza, muda. Zoom ya bure hukata mkutano baada ya dakika 40. Google Meet na Teams za bure huruhusu kikundi dakika 60. Simu ya kikundi ya WhatsApp inachukua watu 32, na karibu kila mtu kwetu anayo tayari. Kwa watu sita wanaojifunza kupokea wateja dukani, WhatsApp inatosha. Kwa somo la saa mbili lenye maandishi ya kuonyesha, ligawe vipande vya dakika 35 na mapumziko katikati. Hata macho yatashukuru.

La pili, bando. Video inaweza kula zaidi ya nusu GB kwa saa moja. Kwa aliye Goma au Nakivale hiyo ni pesa ya chakula. Basi zimeni kamera isipokuwa ya mwalimu anapoonyesha kitu, na tumeni karatasi za somo siku moja kabla. Kwa sisi tulio hapa, kuna mpango uitwao National Databank unaotoa laini zenye intaneti ya bure kwa watu wazima wenye kipato kidogo, kupitia vituo vya jamii. Njoo mezani kwangu tutafute kituo kilicho karibu. Na maktaba zina kompyuta. Mara nyingi hazikuruhusu kusakinisha programu, lakini Zoom, Teams na Meet hufunguka ndani ya kivinjari. Nenda na vipokea sauti vyako.

La tatu, kurekodi. Ni msaada kwa aliyekatikiwa umeme. Zoom ya bure hurekodi kwenye kompyuta, si kwenye simu. Lakini ombeni ruhusa kwanza, na mtu akikataa msimuulize sababu. Wengi wetu tunajua kwamba sura na jina la mtu vikizagaa vinaweza kumletea hatari yeye au ndugu zake waliobaki nyumbani.

La nne, je, somo lenyewe linafaa kioo? Sheria za usalama, jinsi ya kujaza fomu, haki za mteja: hayo yanafundishika. Kumwinua mgonjwa kwa mashine, au kubonyeza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama, kunataka mikono. Ukipewa cheti cha kuinua wagonjwa kwa kutazama video tu, mwambie msimamizi wako kwamba unataka kufanya mazoezi kabla ya kumgusa mtu. Kufanya hivyo kunalinda mgongo wako, na kunamlinda mzee wa watu.

Mwisho, mahudhurio na malipo. Dada mmoja tunayemsaidia alikaa somo zima, lakini kwenye orodha jina lake lilisomeka "Samsung". Mwajiri akaandika kwamba hakuhudhuria, na zamu mbili zikaondolewa. Tulizipata tena, kwa sababu alikuwa amepiga picha ya kioo na mwalimu alikumbuka swali lake. Kabla ya kuingia, badilisha jina liwe lile lililo kwenye mkataba wako. Ukiingia, andika salamu kwenye ujumbe wa mkutano. Uliza angalau swali moja, hata kwa Kiingereza cha kuvunjikavunjika. Washa maandishi ya chini kama yapo. Kusoma unachokisikia kunasaidia.

Na mjue hili: mafunzo ambayo mwajiri anakulazimisha kuhudhuria ni muda wa kazi katika hesabu ya kima cha chini cha mshahara, hata ukiyafanya kitandani kwako. Andika tarehe, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Ukiambiwa hayalipwi, usigombane na usikae kimya. Piga simu Acas, 0300 123 1100, ushauri wao ni bure, na ukihitaji mkalimani tuambie tupige pamoja.

Mwenye linki ya wiki ijayo na abaki baada ya chai, tuifungue pamoja tujaribu sauti.