Leso Kuukuu, Taji Jipya la Mlangoni

Mazungumzo kwa vikundi vya akina mama na vijana wa Diani na Msambweni kuhusu mapambo ya msimu wa sherehe



Msimu wa sherehe umefika. Diani inapokea wageni, na wana wa Kwale wanaofanya kazi Mombasa na Nairobi wanarudi nyumbani. Mwenye nyumba hupenda mgeni aione furaha kabla hajabisha hodi. Ndiyo sababu ya lile duara la riboni linalotundikwa mlangoni. Ukilitaja kuwa shada, wengi hukumbuka matanga na kaburi. Hili ni la furaha, basi liitwe taji.

Mataji mengi ya dukani ni ya plastiki. Jua huyapausha, upepo wa kaskazi huyang'oa, na vipande huishia baharini. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi kwenye fukwe, misitu na mbuga zilizohifadhiwa. Haitapendeza plastiki iliyotolewa ufukweni irudi kupitia mlango wa sherehe.

Vifaa vilivyo bora viko nyumbani: kiganja kimoja cha chelewa, zile za kufanyia ufagio, kamba ya makumbi, ukili wa kushonea mkeka, urefu wa mita moja, na leso kuukuu.

Chelewa hulowekwa usiku kucha ili zisivunjike. Asubuhi hupangwa kwa kupishana, shina la moja likikutana na ncha ya nyingine, ili unene uwe sawa. Hukunjwa kuwa duara lenye upana wa sentimita 35, kisha hufungwa kwa kamba kila baada ya vidole vinne. Waya usitumiwe. Hewa ya chumvi huutia kutu, na kutu huchafua mlango.

Leso hukatwa vipande vya upana wa sentimita 5 na urefu wa sentimita 25. Kila kipande hufungwa fundo mara mbili kwenye duara, kikisukumwa kikae karibu na mwenzake. Mzunguko wa duara ni kama sentimita 110. Fundo likichukua sentimita 2, vipande 55 vinatosha. Leso yenye urefu wa sentimita 150 na upana wa sentimita 110 hutoa zaidi ya vipande 110, hata baada ya kutoa jina lake. Hayo ni mataji mawili kutoka leso moja.

Jina la leso lisikatwekatwe. Litolewe zima, lishonwe juu ya ukili, na uning'inizwe chini ya taji ili mgeni asome neno la mwenye nyumba. Lakini neno lichaguliwe. Fumbo la kumrushia jirani si la mlango wa sherehe. Krismasi ikipita, taji lihifadhiwe pakavu. Litafaa siku ya Idd, na litafaa siku ya harusi.

Kuna mambo matatu ya kuangaliwa.

La kwanza ni moto. Chelewa kavu na kitambaa hushika haraka, na nyumba nyingi za pwani zimeezekwa makuti. Taji likae mbali na mishumaa, taa za mafuta na fataki.

La pili ni watoto. Wapo wanaopamba kwa mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi, zile za mtipitipi. Mbegu hizo zina sumu kali, na mtoto akiitafuna hata moja anaweza kupoteza maisha. Zisitumiwe kabisa. Shanga za kawaida zinatosha.

La tatu ni msitu. Anayetaka majani mabichi achukue ya shambani mwake, asiingie Kaya. Kaya Kinondo, hapo karibu na Diani, ni miongoni mwa Kaya za Wamijikenda zilizoorodheshwa na UNESCO mwaka 2008 kuwa urithi wa dunia. Wazee wamekataza kukata hata tawi humo tangu zamani, kabla ya orodha yoyote. Pambo la siku chache halistahili kuvunja mwiko huo.

Kwa kikundi kinachotaka kuwauzia wageni, bei ihesabiwe vizuri. Leso ni kuukuu, lakini saa za kazi si za bure. Wanakikundi watengeneze taji moja kwanza, waandike saa walizotumia na gharama ya kamba na ukili, ndipo wataje bei. Mgeni akipunguza, muuzaji atajua mahali pa kusimama.