Mtani Hang'oi Kiti: Mashabiki wa Simba na Yanga



Niliombwa nieleze namna ya kupunguza utani baina ya mashabiki wa Simba na Yanga, maana wapo wanaoona umezidi. Naomba mnivumilie, nitatetea upande wa pili. Utani ndio unaotushikia amani. Tukiuzima tutabaki na ushabiki mtupu, na huo ndio wa kuogopwa.

Klabu hizi zimetoka tumbo moja. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata baadhi ya watu wake walijitenga wakaunda timu yao, ambayo baada ya kubadili majina, Sunderland likiwamo, iliitwa Simba mwaka 1971. Makao yao, Jangwani na Msimbazi, yako Kariakoo. Ukitoka huku kwenda kule huhitaji hata bodaboda. Watu wakaugeuza ugomvi huo wa ndugu kuwa utani wa jadi, kama ule wa Mzaramo na Msukuma. Kwa desturi hiyo mtani anaweza kukukejeli hata msibani na wewe huruhusiwi kununa, kwa sababu zamu yako inakuja.

Na zamu huja kweli. Yanga walishinda 5-0 mwaka 1968, Simba wakalipa 6-0 mwaka 1977. Simba wakapiga 5-0 Mei 2012, Yanga wakajibu kwa 5-1 tarehe 5 Novemba 2023. Jumatatu yake salamu ya mjini ilikuwa vidole vitano. Mteja wa Yanga anafika gengeni kununua nyanya za buku, hasemi neno, anainua kiganja tu: kono la nyani. Mwenye genge, shabiki wa Simba wa kufa na kuzikana, anafunga nyanya huku anamuuliza kama zile sita za 1977 wameshamaliza kuzilipa. Wanacheka, chenji inarudishwa. Makolo na Mikia kwa Simba, Utopolo na Vyura kwa Yanga (Jangwani hujaa maji, mnajua), yote hayo hubebeka kwa sababu anayetukana na anayetukanwa kesho watauziana tena.

Hata lile la kushangilia wageni mimi halinitii hofu. Mwaka 2023 Rais Samia alianza kutoa shilingi milioni 5 kwa kila bao la timu hizi katika mashindano ya Afrika, nchi nzima ikahimizwa kuwa kitu kimoja. Hata hivyo, USM Alger walipoifunga Yanga 2-1 Dar es Salaam katika fainali ya Kombe la Shirikisho, wapo Wanasimba walioshangilia kama wamezaliwa Algiers. Kuwaita wasaliti ni kuchukulia mambo kwa uzito usiostahili. Mtani akikuombea heri hadharani, ujue kuna jambo.

Sasa tuangalie siku uwanja ulipoharibiwa. Tarehe 1 Oktoba 2016 Amissi Tambwe aliifungia Yanga bao ambalo Wanasimba waliona mpira umeguswa kwa mkono, mwamuzi akalikubali, kisha nahodha wa Simba, Jonas Mkude, akatolewa kwa kadi nyekundu. Viti vikang'olewa, na serikali ikazifungia timu zote mbili kuutumia uwanja ule. Hasira ile haikuwashwa na kejeli za jukwaa la pili. Iliwashwa na hisia ya kuonewa na mwenye filimbi. Vivyo hivyo Machi 8, 2025: Simba walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi, wakagoma kucheza, mchezo ukaahirishwa hadi Juni. Waliosafiri kutoka mikoani na jezi zao, wa nyekundu kwa wa njano, waliumizwa na maofisa, si na watani wao.

Simaanishi kila kitu kinachoitwa utani ni utani. Kumchania mtu jezi kwa kuwa amekosea jukwaa, watu kumi kwa mmoja, ni uonevu. Kumtukana mwanamke maumbile yake kisa kavaa rangi fulani ni matusi, na matawi yetu hulifumbia macho hili kuliko yote. Na kuna huyu wa kwenye simu, hana jina wala sura. Hawezi kurudishiwa, kwa hiyo si mtani wa mtu.

Mapendekezo yangu ni machache. Viongozi wa matawi ya kata moja, wa pande zote mbili, wabadilishane namba za simu wiki moja kabla ya mechi, na watazame pamoja kwenye kibanda umiza kimoja pale inapowezekana. Atakayemshika mwanamke au kumpiga mtu aondolewe na tawi lake mwenyewe, asingojwe polisi. Na wenye mamlaka, uamuzi ukitokea wa kutatanisha au mechi ikiahirishwa, watoe maelezo siku hiyo hiyo, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kabla watu hawajaanza kujieleza wenyewe kwa viti.